Jiwe Chini ya Gurudumu

Mujukuu wangu Kabwe,

Huku Kolwezi tuko wazima. Nkambo wako mwanamuke, muke wangu, anakusalimia sana, na muhogo wetu umekauka vizuri. Unaniuliza kama ununue ile pikipiki ndogo ya Kijapani ya zamani.

Mi sikatai uzuri wake. Inakunywa esanse kidogo, na ikiharibika njiani unaifunga na waya, unaendelea. Muuzaji wake ndiye simwamini. Nilipokuwa kijana, nilinunua moja kule Tenke, kwa tata mumoja, muzee mupole, mwimbaji wa kanisa. Aliisimamisha juu ya kilima, inang'aa. Akaisukuma kidogo tu, ikawaka. Nikarudi nayo Kolwezi nikiimba. Kesho yake, ndani ya lupango yetu, uwanja wa nyumba ulio tambarare, nilikanyaga kiki mpaka mguu ukavimba. Kumbe ilijua kuwaka kwa kuteremka tu! Tangu siku ile, mbele ya kuangalia pikipiki, kwanza ninaangalia udongo inaposimama.

Nimeangalia picha uliyonitumia. Rangi ni nzuri, kweli. Lakini mutoto wangu, hilo jiwe chini ya gurudumu la mbele linazuia nini?

Mi nkambo wako, mwenye angali anatembea kwa miguu.