Mistari Aliyosuka Baba Chiriku

Jumatatu, 1 Julai
Mola wangu, nakusalimu. Hujambo? Najua kukuuliza Wewe hali ni utovu wa adabu, lakini ndivyo nilivyolelewa, siwezi kuanza maneno bila salamu. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa safari.
Nimefika. Mkwe wangu, kinyozi, anakaa ghorofa ya nne, lifti mbovu. Kanibebea begi huku anahema. Kakonda! Tangu tumzike binti yangu sijamtia machoni. Tulikubaliana kwa simu: nikae nao kiangazi hiki, shule zikikaribia kufunguliwa niondoke na mjukuu wangu nikamlee kwangu. Mtoto wa kike anataka mkono wa mama, nilimwambia. Akasema, "Sawa, mama." Hakubisha hata kidogo.

Jumatano, 3 Julai
Mji huu! Nimesalimia watu barabarani mpaka koo likakauka. Wawili wakaitikia – na mmoja alikuwa anaongea na simu yake. Dirisha la jikoni linatazamana na la jirani. Nikikoroga chai, na yeye anakoroga. Nimempungia mkono. Akafunga pazia.
Mjukuu wangu wanamwita Chiriku. Jina limemkaa, anaongea hata na mswaki mdomoni. Kaniuliza kama kwangu kuna ngazi. Hakuna, nikasema. "Sasa mnashukia wapi?"

Ijumaa, 5 Julai
Nywele za mtoto! Mstari mmoja umeanzia sikioni ukapotelea kisogoni. Baba yake alipoteremka dukani kwake kunyoa nikamkalisha, nikafumua zote, nikasuka upya. Zimenyooka, mafuta yanang'aa. Nikampa kioo, nikangoja asante.
Chiriku akanyamaza. Chiriku! Kisha machozi. "Bibi, umefumua za baba."
Baba yake aliporudi akamgeuza kichwa kwenye mwanga, taratibu, kama anavyomgeuza mteja. Akasema nimesuka vizuri. Hakula.

Jumamosi, 6 Julai
Nimempelekea chakula dukani. Hakuniona. Kalisimamisha dekio la kufutia sakafu kwenye kiti cha wateja, nyuzi juu, kalivisha na shuka la kunyolea – anasuka zile nyuzi! Mzee Kipara, ambaye hana hata unywele lakini hakosi kuja hata siku moja, kamsimamia: "Kaza hapo! Mteja huyo halii!" Duka zima kicheko. Nami nikacheka, halafu nikalia nyuma ya mlango, sufuria mkononi.
Mzee Kipara akanifuata nje. Ananiambia duka likipoa kazi ni hiyo. Mwanzo mkwe wangu alikuwa anamnyoa mtoto. Siku moja mtoto akasema anataka kichwa kama cha mama.
Na yule mama nilimfundisha kusuka mimi.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada tumesuka. Mimi kitana, mkwe wangu vidole, Chiriku anatangaza kama mpira. "Usivute, mwanangu, hili si dekio," nikamwambia. Akacheka! Sijamsikia akicheka tangu nije.
Jirani wa dirishani kanipungia mkono. Nilivyoshtuka, chai yote chini.

Alhamisi, 15 Agosti
Tiketi ziko mezani, ya mkubwa na ya mtoto. Mkwe wangu kanunua mwenyewe, sikumwagiza. Nimemwuliza, "Baba Chiriku, moyo wako unasemaje?" Alikuwa anakunja magauni ya mtoto. Akakunja moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Tulikubaliana, mama. Siwezi kukugeuka."
Mola wangu, unatuona? Yeye anaona haya kukataa, mimi naona haya kurudisha maneno yangu. Mtoto ataondoka kwa sababu ya adabu zetu tu!
Lakini nisikufiche, maana huwezi kufichwa. Nyumba yangu kimya, unaijua. Namtaka. Nataka niulizwe mambo ya ngazi asubuhi na jioni.
Sasa hivi wako hapo kwenye mlango wa chumba, anamsuka kwa safari. Chiriku leo haongei. Kaegemea goti la baba yake, macho kayafumba. Kinyozi kaniita, "Mama, njoo utazame kama mistari imenyooka." Natazama nilipo hapa. Imenyooka, Mola. Binti yangu mwenyewe asingeifumua.
Nimemwambia nakuja, namalizia kuandika. Nikisimama itabidi niseme neno, na sijui lipi. Tafadhali nijibu mapema. Amebakiza mstari mmoja.