Sura ya Papa Ilunga ilipokatika kwenye kioo

Jumamosi jioni. Tangu asubuhi upepo unasukuma vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria, na mimi bado nina hasira. Sitaki ipoe kabla sijaandika.

Leo kompyuta yangu nusura imfukuze mjane nyumbani kwake.

Nina kibanda cha kuchapa na kupiga kopi karibu na stesheni, na kompyuta moja kuukuu ya mezani. Mama Ilunga alikuja na ndugu za mumewe kuchapisha picha ya marehemu, ile itakayotangulia mbele ya jeneza kesho. Papa Ilunga alikuwa mtu wa reli, mpole, mwepesi wa kucheka. Nikaifungua picha yake kwenye kioo cha kompyuta. Ikakaa vizuri kidogo, kisha mistari ya kijani ikapita usoni, vipande vikahama, mdomo ukapanda kwenye paji la uso.

Mdogo wa marehemu akaruka kutoka kwenye benchi.

«Muone! Anakatala! Kuko muntu hapa ye hataki kumuona.»

Wote wakamgeukia Mama Ilunga, kana kwamba ndiye marehemu anayemkataa. Hakuna aliyetaja uchawi, lakini sote tuliusikia. Yule mdogo wa marehemu, shemeji yake, akanikataza kuchapa. Akasema kesho, baada ya mazishi, mjane asirudi kwenye nyumba ile mpaka maneno yaishe. Najua maneno ya namna hiyo huisha vipi: mwanamke na mabunda yake barabarani, nyumba na mabati yake kwa ndugu. Mama Ilunga aliinamisha kichwa tu.

Hapo damu ikanichemka.

Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Maniema, si wa ukoo wao. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilizima kompyuta, nikaiwasha tena. Mistari ikaja mapema, kwenye kioo cheusi chenye herufi nyeupe, kabla ya picha yoyote kufunguliwa. Nikawaonyesha. Shemeji akasema marehemu amekwisha kuingia ndani ya mashine. Haya. Nikabadilisha waya wa kioo. Bado. Nikafungua picha yangu mwenyewe ya Idi, nimejifunga kitambaa kipya: jicho langu likashuka shavuni. Kisha nikampiga shemeji mwenyewe picha kwa simu, nikaiingiza. Meno yake yakakaa juu ya nyusi.

«Basi na minyi bananiloga? Na weye, Papa, nani anakuloga?»

Shangazi yake mwenyewe alijiziba mdomo, akashindwa, akacheka. Nani angejizuia?

Yeye hakulainika. Akasema kama si hivyo, basi mashini njo mulozi, mashine ndiyo mchawi. Nikamjibu kwamba karatasi haipiti kwenye kioo. Kama picha yenyewe ni nzima, itatoka nzima. Nikabonyeza printa ichape. Nakiri niliogopa, maana kama ingetoka imekatika ningekuwa nimemmaliza Mama Ilunga kwa mkono wangu. Ilitoka polepole: kofia, paji, macho, lile tabasamu. Safi kabisa.

Mama Ilunga akasema neno lake la kwanza tangu aingie.

«Njo ye. Njo ye sawa vile alikuwaka.»

Shemeji akanyoosha mkono aichukue. Nikampita. Niliiweka mikononi mwa Mama Ilunga mbele ya wote, nikasema anayeitaka amwombe yeye. Hakuomba, wala hakusema samahani. Alitoka, na wengine wakamfuata. Lile neno lake la nyumba hakulifuta.

Walipoondoka nilifungua kisanduku cha kompyuta. Feni ndogo ya kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo, ilikuwa imekwama, vumbi limeganda juu yake kama ukoko wa bukari, ugali wetu. Kadi ilikuwa ya moto, haishikiki. Nikaingoja ipoe, nikaing'oa, nikachomeka waya wa kioo kwenye tundu lingine la nyuma, lile la mashine yenyewe. Nikafungua tena picha ya Papa Ilunga. Hakuna mstari hata mmoja.

Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Watu walikuwa tayari kumtupa nje mwanamke kwa sababu ya vumbi!

Kadi nimeiweka kwenye mkoba wangu, na vumbi lake lote, sijaipangusa. Kesho Mama Ilunga akitoka makaburini kurudi kwenye mlango wake, nitakuwa nimesimama naye hapo mlangoni. Anayemtafuta mulozi aje kwangu. Ninaye mkobani.