Hapana Iliyoshonwa Kotini

Jumatatu, 17 Desemba 1787

Mkutano wa mji leo, kanisani. Wanawake hatuna letu pale. Lakini nilikuwa nimempelekea mume wangu jiko la makaa la kupashia miguu, roshani ikawa wazi, nikapanda na sikushuka. Hakuna aliyenifukuza. Jengo halijawahi kuwa na moto, pumzi za watu zilikuwa moshi mtupu.

Wamesoma hiyo Katiba mpya mwanzo mpaka mwisho. Nimeielewa kuliko nusu yao. Mpaka sasa haya majimbo kumi na matatu yamefungwa pamoja kwa uzi mbovu. Bunge kuu linaomba, jimbo likitaka linatoa, lisipotaka linageuza mgongo. Sasa wanataka serikali yenye meno — itoze kodi yenyewe, iwe na jeshi lake. Jeshi! Hapo nilishika ukingo wa roshani. Kaka yangu Jotham hajatimiza hata mwaka kaburini.

Shemasi Goss alisimama. Kwamba hatukumfukuza mfalme wa ng'ambo ili tujipikie mwingine hapa hapa Massachusetts. Watu wakagonga viti. Wanaoikataa arobaini na moja, wanaoitaka kumi na saba. Wakamchagua Asahel wangu aende Boston, kwenye mkutano mkuu wa jimbo, na wakamfunga kwa maagizo ya maandishi: apige kura ya hapana.

Kufika kwenye maandishi, nusu ya watu walishaondoka kukamua ng'ombe na wino ulikuwa umeganda. Karani Penniman — yeye ni wa ndiyo, uso ulimshuka — aliiweka chupa kwapani mpaka wino ukalegea. Ukatosha karatasi moja tu. Shemasi akatia sahihi. Karani akasema kwenye kitabu cha mji atanakili akifika nyumbani.

Wakati wa kurudi tulipita makaburini. Asahel alivua kofia mbele ya Jotham bila kuambiwa. "Shemeji," akasema, "hiyo hapana ni yako." Nililia njia nzima, na nilimpenda.

Alhamisi, 3 Januari 1788

Ameondoka. Karatasi nimeishona ndani ya bitana ya koti lake, upande wa kushoto. Mishono kumi na miwili, midogo. Alisema mfuko ungetosha. Nikamwambia mfuko unaingia mikono mingi huko Boston. Akacheka.

Kinu cha kusaga kimebaki kwangu. Barafu kwenye gurudumu la maji, shoka mkononi tangu alfajiri.

Jumamosi, 19 Januari

Barua. Wanajadili kifungu kwa kifungu. Anakula samaki kila siku, amewachoka. Mawakili wanaongea kutwa, na mkulima akiinuka wanacheka chini chini. Vizuri. Wamcheke. Mtu aliyechekwa hasemi ndiyo.

Lakini mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo: "Kuna mambo hapa sikuyajua." Sikuipenda sentensi hiyo. Nimeisoma tena baada ya chakula na bado siipendi.

Ijumaa, 25 Januari

Mwaka mmoja tangu siku ya Springfield, Jotham na wenzake walipopigwa mizinga. Nimekanda unga kwa hasira, mkate umetoka kama jiwe.

Niandike, labda itanitoka. Jotham alipigana miaka mitano dhidi ya mfalme. Bunge kuu halikuwa na kitu cha kumpa, likampa karatasi ya ahadi. Kisha mahakama ikaja kuchukua fahali wake wa kulimia kwa sababu ya kodi. Akaungana na wenzake kuifunga mahakama. Ndiyo, kwa bunduki. Je, walitaka waifunge kwa maua? Bunge kuu halikuweza kuita hata askari mia. Basi matajiri wa Boston wakachanga wakanunua jeshi lao wenyewe, kama mtu anunuavyo mbwa wa kuwinda. Likawasaka kwenye theluji. Jotham aliletwa kwangu miguu imekuwa myeusi kwa baridi mpaka magotini. Siku tisa. Aliomba maziwa ya moto na hakuyanywa.

Serikali dhaifu ilimwacha na njaa. Sasa hao hao walionunua mbwa wanataka serikali yenye nguvu! Asahel, uwe na masikio. Koti linakusemesha.

Jumatatu, 11 Februari

Karani Penniman amekuja kinuni mwenyewe. Siku zote hutuma mtu. Leo kaja na gazeti.

"Mama Tolman, soma kwa macho yako, maana nikikusomea utasema natia chumvi."

Katiba imepita Boston. Mia moja themanini na saba kwa mia moja sitini na nane. Kura kumi tu zingehama, ingekufa. Na chini yake majina. Asahel Tolman — ndiyo.

Nilisoma mara tatu. Nikamwambia, "Unga wako uko tayari, Bwana Karani. Uchukue uende."

Bakuli la marehemu mama limevunjika. Nimelivunja mimi, ukutani, kwa makusudi.

Alhamisi, 14 Februari

Amerudi. Amekonda. Nilimpakulia maharage na nyama ya nguruwe bila kufungua kinywa. Alikula robo.

"Sema basi, Zerviah."

"Nani alikushika mkono?"

"Hakuna."

"Basi nani alikushika ulimi, ulipokuwa unamwambia Jotham maneno yale?"

Akasukuma sahani. Kisha akaongea kuliko alivyoongea miaka yote ya ndoa yetu. Kwamba alikwenda na hapana, akalala na hapana wiki tatu. Kwamba waliahidiwa marekebisho — haki ziandikwe, kesi zisikilizwe na wazee wa baraza la hapa hapa, jeshi liwekewe mipaka. Sawa, ahadi, tunazijua ahadi. Halafu akasema hili, na nimelichukia:

"Kaka yako hakuuawa na serikali. Aliuawa kwa sababu serikali haikuwepo. Kila mwenye pesa alinunua jeshi lake. Wale waliomsaka, nani aliwachagua? Nitawatoa kwa kura ipi? Mimi nataka atakayetuma askari safari ijayo awe mtu ninayeweza kumtoa."

"Wewe utamtoa," nikasema. "Mimi nitamtoa kwa nini? Kwa mwiko?"

Nikaenda kutundika koti. Nikapapasa upande wa kushoto. Mishono kumi na miwili, yote ipo. Hakuifungua hata siku moja. Nilimuuliza. Akasema hakuhitaji kuisoma, ilimkwaruza ubavuni kila alipokaa.

Jumanne, 19 Februari

Mji umewaka moto. Tangazo limepigiliwa mlango wa kanisa: Jumatatu ijayo Asahel ajieleze. Shemasi Goss anasema ikithibitika alifungwa na maagizo akayavunja, hatashika cheo tena hapa, na watu wake wote watapeleka mahindi kinu cha bondeni. Watu wake ni arobaini na moja. Wiki hii yameletwa magunia matatu. Tutakula gurudumu?

Halafu mchezo mwingine. Kitabu cha mji kimefunguliwa na ukurasa ni mweupe! Karani hakunakili. Wino, baridi, alisahau. Sasa anasema anavyokumbuka yeye, mjumbe aliambiwa atumie hekima yake. Mwongo. Nilimwona na chupa kwapani. Walioondoka kukamua ng'ombe hawajui, waliobaki wanabishana, kila mmoja anakumbuka anachokitaka. Na mwanamke wa roshani si shahidi.

Imebaki karatasi yenye sahihi ya Shemasi. Imebaki koti.

Ijumaa, 22 Februari

Karani amemshauri Asahel anyamaze. Kitabu ni kitabu, kisichoandikwa hakipo. Na mume wangu, aliyenihubiria jinsi Jotham alivyokosa serikali, anataka kunyamaza!

Asubuhi alisimama karibu na jiko, akageuza kofia mkononi. "Ile karatasi. Itoe uichome."

"Moto huo hapo. Mikono unayo."

"Wewe ndiye uliyeshona, Zerviah."

Kwa hiyo huko Boston alikuwa na ujasiri wa kupinga watu arobaini na moja, hapa hana ujasiri wa kukata uzi. Nilimwambia hivyo. Aliondoka akakaa kinuni, kwenye baridi, mbele ya jiwe lisilo na kitu cha kusaga.

Mbaya zaidi, naamini alipiga kura kwa moyo safi. Ningejua ni mwoga tu au amehongwa, ningeikata leo hii nikaipeleka mwenyewe mpaka kanisani.

Jumatatu, 25 Februari

Wako kanisani tangu saa tatu. Asahel kaenda na koti kuukuu, lenye viraka, kwenye baridi hii. La Boston kaliacha kwenye msumari. Hakuniaga, aliligusa tu koti akatoka.

Sasa hivi mlango umegongwa. Shemasi Goss na wenzake wawili, theluji mpaka magotini, kofia mkononi. Shemasi hajawahi kunivulia kofia.

"Mama Tolman. Tumemuuliza mumeo ipo wapi ile karatasi. Kasema tumuulize mkewe. Mji mzima umeketi unangoja. Tunakuomba."

Nikamuuliza: nikitoa, itaandikwa kitabuni kwamba nimeitoa mimi? Akakohoa. Akasema kitabuni huandikwa wapiga kura.

"Basi nje," nikasema. "Subirini nje."

Wamesimama uani. Nimeweka koti mezani, juu ya unga. Jiko linawaka nyuma yangu, mlango uko mbele yangu, hatua tatu kila upande, nimezipima. Nikiipeleka karatasi mlangoni, Jotham ana hapana yake na sisi hatuna kinu. Nikiipeleka motoni, Penniman amesema kweli na mimi sikuwahi kuwepo roshani. Nao wote wawili, mume wangu na mji wangu, wananisukumia mimi wanachoogopa kufanya, na kesho watasema mwanamke hana lake kwenye mkutano. Nakandamiza kalamu kwa hasira, herufi zimepinda.

Shemasi anagonga tena. Angoje. Jotham alingoja siku tisa.

Nimekata mishono minane, mmoja kwa kila siku yake. Huu hapa wa tisa —