Safari za Saa Nane Mchana

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya tisa kitandani. Plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Ngazi ya dukani ilikuwa mbovu tangu mwaka jana, nilimwambia Bosi, akasema ataiangalia. Basi nimeiangalia mimi, kutoka chini.

Dada amehamia kwangu. Analala sebuleni. Amekuja na begi moja na simu iliyojaa sauti za mwalimu fulani anayefundisha watu kutoka mwilini. Nilicheka mpaka plasta ikauma. Hakukasirika. Akasema, mdogo wangu, wewe una miezi miwili ya kuangalia dari, chagua: dari au dunia.

Nimechagua dunia. Nione tu.

Jumatano, 5 Februari

Kumbe kuna masharti. Huanzi kwa kuruka. Unaanza na mahali unapopajua kwa vidole, unapajenga kichwani kitu kwa kitu, na unasema kwa sauti ili akili isitoroke.

Nikachagua chumba changu cha kazi, nyuma ya duka la rangi. Miaka kumi na moja nimo mle. Macho nimefumba, Dada kando yangu, ananiuliza polepole: mkono wa kulia uko wapi? Kopo lipi liko mbele yako? Sasa mteja ameleta kipande cha ukuta wake, unafanya nini?

Nikamwambia yote. Kwamba kipande hakitazamwi chini ya taa, kinapelekwa mlangoni. Kwamba kijani yoyote unaianza na manjano, na nyeusi inakuja mwisho, kwa ncha ya kijiti, maana nyeusi haina kurudi. Kwamba unapaka kadi, unaisubiri ikauke, ndiyo unahukumu. Rangi mbichi ni mwongo. Ajabu, nilisikia hata baridi ya mizani kwenye kiganja.

Haya mambo sijawahi kumwambia mtu. Bosi mwenyewe hayajui. Nayaweka kichwani, ndiyo kinga yangu.

Dada kasema nina kipaji. Kesho turudie, rangi za udongo.

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka.

Saa nane mchana, pazia limefungwa, Dada amenihesabia pumzi. Kwanza mwili ukawa mzito kama gunia la mchanga. Halafu mvumo masikioni. Halafu niko juu, karibu na balbu, na chini kuna mtu amelala na mguu mweupe. Mimi yule. Nywele hazijachanwa, aibu.

Kuna uzi kati yetu, kama wa buibui, unang'aa. Nikapita dirishani. Mabati, nyaya, tangi la maji la jirani, kisha mawingu, kisha sijui. Nikatua kwenye jangwa la chumvi. Nilikimbia. Miguu yote miwili! Kila hatua chumvi inalia chini ya unyayo kama sukari. Nikashuka ngazi za chumvi, kushoto kuna farasi asiye na kivuli, nikaogopa kumgusa.

Sijui kama ni kweli au ni kichwa changu. Sijali. Nimekimbia.

Alhamisi, 13 Februari

Dada sasa naye anasafiri. Anasema akishaniongoza mimi, anakwenda kulala sebuleni, anafunga mlango, anatoka anifuate. Saa nane mpaka saa kumi na moja nisimwite hata kama nyumba inaungua. Ukimshtua aliye nje, uzi unakatika.

Sikuamini kwamba ananifuata. Leo asubuhi, akinipa chai, akasema: Jumapili ulishuka ngazi za chumvi, upande wa kushoto kulikuwa na farasi asiye na kivuli. Ukaogopa kumgusa.

Kweli tupu. Farasi yule sikumtajia. Nimemwandika hapa tu, basi.

Kwa hiyo sisi wawili tunakutana kule. Tangu Mama afariki sijawahi kujisikia hivi — kwamba mtu anajua niliko.

Jumanne, 18 Februari

Leo mji chini ya maji. Watu wanatembea na taa vifuani, wananipisha. Kuna soko linauza sauti kwenye vikombe. Nikanywa moja, ilikuwa kicheko cha mtoto. Nikapanda mgongoni mwa samaki mkubwa kama lori tukapita juu ya paa. Nilimtafuta Dada kila pembe. Nikahisi yuko nyuma yangu kidogo, kama mtu anayenichunga nisijigonge.

Niliporudi na kufumbua macho chumba kilinuka rangi ya mafuta. Dada alikuwa ameinama ananifunika shuka. Nikamwambia, unasikia harufu ile? Akasema ndiyo dalili, umeanza kuleta vitu kutoka huko.

Daktari alitaka nianze magongo wiki hii. Dada ameahirisha. Anasema roho iliyozoea kuruka ikikanyaga chini mapema mfupa haushiki. Mwalimu wake ndivyo anavyofundisha. Sawa. Magongo yamesimama sebuleni nyuma ya mlango. Hayana haraka na mimi sina.

Ijumaa, 21 Februari

Siandiki kwenye daftari. Naandika nyuma ya bahasha ya picha za mguu. Daftari libaki chini ya mto kama kawaida.

Saa tisa mchana mtu kabisha dirishani. Kipara, dereva wa gari la duka, tumefanya kazi pamoja miaka. Alileta aproni yangu, imefuliwa. Nikamwambia sema polepole, Dada amelala hapo sebuleni.

Akanitazama. Dada yako gani?

Ninaye mmoja.

Akasema, huyo nimemwacha dukani sasa hivi anakoroga kijani ya shule. Kisha, kwa upole, kama mtu anayempa pole mfiwa: tulihuzunika uliposema hurudi tena kazini. Lakini angalau umetuachia mtu. Ana mkono kama wako kabisa.

Nimesema nini? Nimesema asante. Mdomo ulijisemea.

Alipoondoka nikajishusha kitandani kwa makalio. Nikajikokota sakafuni, plasta ikikwaruza, nikausukuma mlango. Godoro limetandikwa. Feni inazunguka peke yake, inaupepea mto.

Kurudi kitandani kumenichukua nusu saa. Saa kumi na moja na dakika kumi nikasikia kitasa, maji bafuni, halafu akaingia ananyoosha mikono kama mtu aliyeamka. Akauliza, umefika wapi leo, mdogo wangu?

Nikasema mbali.

Jumamosi, 22 Februari

Bahasha, upande wa pili.

Nimelala nikijumlisha. Yale masomo ya kwanza. Mkono wa kulia uko wapi, kopo lipi liko mbele yako. Nilidhani ananifundisha kuona. Alikuwa anasoma. Nimemfungulia kichwa changu kopo moja moja na nikamshukuru.

Lakini farasi je? Kama alikuwa dukani, farasi alimjuaje? Bado kuna kipande changu kinachomtetea. Huenda mwili ulikuwa dukani na nafsi ilikuwa na mimi. Nimefikia hapo. Mtu mzima, ninatafuta njia dada yangu awe amenidanganya nusu.

Nitapima, kama ninavyopima rangi. Leo kwenye daftari nimeandika safari ambayo sikwenda. Mnara wa vioo, juu yake ndege mwenye sura ya Mama, ananiita kwa jina langu la utotoni. Hakuna mnara. Saa nane nililala macho makavu, nikisikiliza mlango wa nje ukifungwa taratibu.

Jumatatu, 24 Februari

Amenisubiri nimalize kunawa uso. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono. Machozi yalimlenga, ya kweli, naapa.

Akasema, jana sikutaka kukwambia, lakini Jumamosi nilikuwa chini ya ule mnara. Nilimwona Mama. Ndege, lakini sura yake. Alikuita lile jina. Akaniambia nikwambie, usihangaike kurudi haraka, pumzika.

Nilimtazama mdomo mpaka ukaacha kucheza.

Lile la kupumzika sikuliandika. Hilo ameliongeza mwenyewe. Amemtia Mama maneno mdomoni ili mimi nisiinuke.

Jumatano, 26 Februari

Nimejaribu kusafiri bila yeye. Nikahesabu pumzi mwenyewe. Mwili ukawa mzito, mvumo ukaja, nikatoka kwa tabu, uzi umelegea kama wa nguo kuukuu. Hakukuwa na chumvi wala maji. Nilifika dukani. Chumba cha nyuma, mizani, kadi zimeanikwa. Yeye kwenye kiti changu, amejifunga kitambaa kichwani ninavyojifunga mimi. Nilisimama mbele yake. Akapitisha kijiti katikati yangu kuchukua kopo.

Nimeamka nalia. Hata ndoto zangu amezifungia milango.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia. Daftari nimelirudia, hakuna tena cha kuficha.

Saa nane kasoro, kabla hajaanza kunihesabia pumzi, nikasema: nenda tu, utachelewa kazini.

Hakukana. Nilitamani akane.

Akasema siku ya kwanza alikwenda kuniombea ruhusa tu. Bosi alikuwa ameshika kichwa, wateja wamejaa, akamwuliza kama naye anajua kuchanganya. Ulimi ukateleza, akasema ndiyo. Akasema alitaka kunishikia nafasi isiende kwa mgeni.

Nikamwuliza, na kumwambia Bosi kwamba sirudi, hiyo nayo ni kunishikia?

Akatazama dirisha. Akasema, una miaka thelathini na tatu, tangu utoto watu wanasema una macho. Mimi nina arobaini na nne. Nilikubeba mgongoni mpaka nikapinda. Hakuna aliyewahi kusema nina kitu. Juzi mama mmoja alileta kipande cha mlango, nikampatia rangi yake mara ya kwanza. Akanishika mikono akaibusu. Nilishindwa kuacha.

Ningeweza kumwelewa. Ndiyo ubaya wake, ningeweza.

Nikamwuliza lile moja lililobaki. Kule, uliwahi kuja? Hata mara moja?

Akasema hapana. Sijawahi kutoka hata kidole. Zile sauti za simu huwa zinanilaza usingizi.

Kazi ningeweza kuipigania. Lakini kule kwenye mji wa maji niligeuka nyuma mara ngapi, nikitabasamu, nikijua yupo. Kumbe nilikuwa natabasamia maji.

Akaenda kazini. Alifunga mlango taratibu, kwa mazoea.

Jumamosi, 1 Machi

Hatuzungumzi. Anapika, analeta, anaondoa. Chakula chake kitamu vilevile, na hilo linaniudhi.

Bosi nilimpigia. Akasema mambo ya kifamilia yeye hayaingilii. Akasema cha msingi rangi zinatoka. Nikamkumbusha ngazi. Akasema mtandao unakatika.

Jumatatu, 3 Machi

Naandika hili likiendelea.

Saa tisa Dada amerudi anakimbia, kitambaa kimemponyoka kichwani, mikono ina rangi mpaka viwiko. Ameshika kipande cha ubao na kadi tatu. Kuna jengo zima limepakwa nusu, fundi wao amehama, wanataka nusu ya pili ifanane. Amejaribu tangu asubuhi. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenye jengo amekaa dukani, hatoki.

Bosi yuko kwenye simu, Dada ameiweka juu ya shuka ili sote tusikie. Bosi anasema, mwambie mdogo wako atutajie tu kinachokosekana, asiwe na roho mbaya, ni dakika moja.

Dada ameziweka kadi juu ya plasta yangu, moja moja, na ule ubao kando yake. Amerudi nyuma hatua moja.

Nimeona mara moja. Sikutaka kuona, macho yameona yenyewe. Si kipimo. Ni nyeupe ya msingi, ile ambamo rangi nyingine zinatiwa. Amechukua ile ya kopo fupi, na ubao huu umepakwa ile ya kopo refu, ambayo haikuguswa hata mara moja katika masomo yetu yote kwa sababu nilisahau kuitaja. Au sikusahau. Sijui tena.

Bosi anasema halo. Halo, mnanisikia?

Dada anatazama mikono yake. Ananong'ona, kwa sauti ya zamani, ya kunibembeleza nikiwa na homa: nisaidie, mdogo wangu, wataniaibisha.

Nimeushusha mguu. Kisigino cha plasta kimegusa sakafu, umepanda umeme mpaka kiunoni, lakini umesimama. Nimemwambia aniletee magongo na aproni, tutakwenda wote, nitamwonyesha mwenye jengo mimi mwenyewe.

Dada ameelekea sebuleni. Nimemsikia akifika nyuma ya mlango, nimesikia magongo yakigonga ukuta, ameyashika.

Ni muda sasa. Mlango wa nje sijausikia, na bado hajarudi.