Sweta ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi 2002
Koku amebonyeza kitufe cha kompyuta sasa hivi, akakimbilia chini ya meza anacheka. Nimemchapa kiganja. Kidogo tu. Analia, na mimi roho inaniuma. Lakini leo mashine imezima na kuwaka upya mara mbili, na ikiwaka maneno ya dada Adela niliyoyaandika hayapo. Yote aliyosema kuhusu kuzaliwa kwa Anitha, mtoto wake mkubwa. Yamekwenda. Angalau sasa namjua anayeizima.

Jumanne, 5 Machi
Siyo Koku. Alikuwa kwa jirani, na imezima tena. Nikadhani umeme. Lakini taa haikufifia, redio ikaendelea kuimba. Nimembeba Koku mgongoni jioni nzima. Samahani, mwanangu.

Dada anajua ugonjwa wake hauponi, anataka nakala tatu za maneno yake. Watoto watatu, nyumba tatu. Anitha atabaki kwangu hapa Bukoba, wa kati atakwenda kwa shangazi yao kule Buganguzi, mdogo kwa bibi yao kule Rubya. Kila mmoja awe na yake: alizaliwaje, baba yao alikuwa mtu gani, kibanja chao, shamba lao la migomba, kinaishia kwenye miti ipi. Ndugu wa marehemu shemeji wameshaanza kukiulizia hicho kibanja. Dada yuko hai, na wanauliza.

Kalamu ninayo. Lakini nikishika kalamu ananyamaza, anasema anajiona yuko polisi. Akiona herufi zinatokea kwenye kioo, anasema mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi wa mjini kaja. Kasema ni virusi. Dada yuko pale pale kwenye mkeka, anasikia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na yenyewe," akasema. Mimi sikucheka. Fundi akaweka disketi yake, mashine ikazima mikononi mwake. Basi akabadili, akasema ni kifaa cha ndani, ipelekwe Mwanza kwa meli. Itarudi lini? Hajui.

Dada hawezi kusubiri meli.

Ijumaa, 8 Machi
Vidonda vya mdomoni vimeongezeka. Uji anaumeza kwa shida. Sauti inapungua, lazima nisogeze sikio. Naogopa.

Nimegundua kitu. Asubuhi mashine inakaa vizuri. Ikishazima mara moja, inazima haraka haraka, hata kabla sijafungua kazi. Nahifadhi kila mstari kama tulivyofundishwa kozini kanisani. Haisaidii, mistari yenyewe ni michache. Bado tuko kwa Anitha. Nimesali, nikakasirika katikati ya sala.

Jumapili, 10 Machi
Baba Koku karudi kutoka Kemondo na gari la samaki. Tukamfunika dada blanketi la pili, maana alitetemeka. Baadaye akalipiga teke.

"Mama Koku, nachemka," akasema. "Mmenifunika mimi, na hiyo mashine mmeivika sweta. Wote tunakosa pumzi."

Sweta ni kile kitambaa chake. Alikifuma Krismasi iliyopita kwa nyuzi nyeupe na ua la njano, akakipima kikakaa sawasawa kwenye kasha lote, mbele na nyuma. Vumbi lisiingie. Redio nayo tunaifunika. Nani hafuniki?

Nikaingiza mkono chini yake. Moto kama sufuria. Baba Koku akachomoa waya, akafungua kasha kwa bisibisi. Feni imejaa vumbi na vipande vya nyasi tunazotandika sakafuni. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Koku akapiga chafya, akaomba apulizwe na yeye.

Kitambaa nimekificha chini ya mto. Nitamwambiaje?

Jumatano, 13 Machi
Haijazima tangu Jumapili. Tumemaliza Anitha, tumemaliza wa kati. Kibanja pia, na majirani wa kila upande kwa majina. Baba Koku atapeleka disketi mjini ikachapwe.

Dada kaniuliza sweta iko wapi. Nikamwambia ukweli. Akavuta miguu ndani ya blanketi. Akasema, "Ilete. Miguu yangu ndiyo yenye baridi." Nikamfunika. Ua la njano likakaa juu, Koku akalala kando yake ameshika ncha.

Mvua inanyesha kwenye migomba. Kumetulia. Limebaki jambo la yule mtoto mdogo tu, wimbo ambao dada alimwimbia akiwa mgongoni. Anataka uwe mwishoni kabisa. Mimi naukumbuka, mama alituimbia sisi pia, ila ubeti wa pili umenipotea, ule unaosema mtoto akiamka atamkuta nani, atamkuta, dada ananiita, sauti ni ndogo lakini ananiimbia huo ubeti, naweka kalamu