Kisima Kikavu Kilichojaa Maji

6 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Goti ndilo lina siasa zake, lakini likipigwa na jua linatulia. Natumaini nawe hujambo huko kambini, unakula vizuri, na ile kofia ngumu unaivaa kichwani, huibebi mkononi kama kikapu.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu. Juzi kwa kinyozi niliulizwa binti yangu anafanya kazi gani, nikajibu kwa sauti kwamba anatafuta mafuta chini ya ardhi. Kinyozi akataka kujua mafuta yanakaaje huko chini. Nikamweleza kuwa yanakaa kama ziwa, ndani ya pango kubwa, na kwamba ukilifikia unasikia mwangwi. Kinyozi akasimamisha mkasi, akauliza mafuta yakiisha si pango litabaki tupu, na sisi sote tutadumbukia? Nikakosa jibu. Mimi niliyefundisha watu udereva nusu ya maisha yangu, na sikukosa jibu hata siku mwanafunzi alipopandisha gari ngazi za benki. Niambie ukweli nirudi pale na uso wangu.

Ya pili ni maji. Bomba limekuwa kama mgeni mwenye maringo, linakuja likijisikia. Nataka kuchimba kisima uani. Mchimbaji amekuja, akazungukazunguka, akasema nichague mwenyewe, popote panafaa. Mtu anayesema popote panafaa simwamini. Nichimbe wapi?

Jirani yetu Mama Tanuri yupo, na moshi wa mikate yake bado unaingia dirishani kwangu bila hodi. Hatusalimiani tangu aliporudi kinyumenyume na gari langu la mafunzo akabomoa ukuta baina yetu. Yeye anadai nilimwambia "nyuma". Nilisema "nyuma" nikiwa na maana atazame nyuma. Pengo lipo vilevile, kila mmoja anamngoja mwenzake ajenge.

Wako,
Baba

19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imekuja na gari la mboga, maana simu ya hapa ni ya kazi tu. Mimi sijambo, ila vumbi limenifanya nifanane na mandazi yaliyopakwa unga. Dawa za presha unameza, au unaziweka tu mezani uziangalie?

Hakuna ziwa, Baba, wala pango, na kinyozi asiwe na wasiwasi. Zamani sana mito ilileta mchanga ikaumwaga. Mchanga mwingine ukaja juu yake, kisha tope, kisha tope tena, uzito ukaubana, na maji yaliyopita humo yakaacha madini yaliyoshikanisha chembe na chembe. Ukawa jiwe. Lakini chembe ni za mviringo, hazikai zikabanana kabisa. Panabaki nafasi ndogo ndogo. Mafuta yanakaa humo, kwenye nafasi, na lile tope lililogeuka mwamba juu yake ndilo kifuniko. Pasipo na mafuta panakaa maji. Jiwe la mchanga halichagui mpangaji.

Chukua chupa ya kioo, ijaze mchanga mpaka mdomoni, kisha umimine maji taratibu. Mwonyeshe kinyozi.

Kuhusu kisima, usichimbe bado. Nenda ukingoni mwa kijito nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tukitoa mawe ya kunolea visu. Yale ni mawe ya mchanga. Tazama matabaka yameinama kuelekea wapi, uniandikie.

Mimi pia nina kisima kinachonikosesha usingizi. Ni cha kwanza ambacho wakubwa wamechimba kwa neno langu. Nimewaambia chini kuna jiwe zuri lenye nafasi, na wameniamini. Sasa kila nikiuona mtambo unazunguka, nahesabu mabomba yanayoshuka.

Nakusalimu sana.
Binti yako

8 Machi

Binti yangu,

Salamu. Dawa nameza. Goti lipo.

Chupa niliipeleka kwa kinyozi. Nikawaambia wote waliokuwepo kwamba chupa imejaa, nani anabisha? Hakuna aliyebisha. Nikaanza kumimina maji, chupa ikanywa, ikanywa tena, mpaka mteja mmoja akainuka kitini na povu la sabuni shavuni aje achungulie. Nikawaeleza habari ya chembe na kifuniko. Kinyozi alininyoa bure. Mwanangu, nilitembea kurudi nyumbani kama mwenye digrii.

Tatizo ni kwamba watu hawasikilizi mpaka mwisho. Nilisema ndani ya jiwe la mchanga ndimo hukaa mafuta, na kwamba lipo hapa kwetu kijitoni. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kuwa binti wa mwalimu wa udereva amegundua mafuta nyuma ya nyumba. Watu wawili wamekuja na madumu.

Nilikwenda kijitoni. Matabaka yameinama sana, kama paa la nyumba, na yanashukia upande wa Mama Tanuri. Lakini niliona kukuandikia na kungoja jibu kutachelewa, na mchimbaji alikuwa na nafasi, basi nikachimba kwangu. Najua ulisema nisichimbe. Tulipata jiwe la mchanga upesi, safi, la njano, kavu kama biskuti. Tukaendelea mpaka tukagonga mwamba mgumu, mchimbaji akafungasha.

Kuna jambo jingine. Mtu mmoja mwenye suti na miwani ya jua ameanza kumtembelea Mama Tanuri. Anataka kununua kiwanja chake, upesi, na anamwambia ni kwa ajili ya kufuga kuku. Nani anafuga kuku akiwa amevaa viatu vile? Nasikia Mama Tanuri anaelekea kukubali, amechoka kubeba maji ya kukandia unga. Akiondoka nitapata hewa safi dirishani. Nasema tu. Nimekaa nikaiwaza hiyo hewa safi na sikuona faida yake.

Baba

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka, gari linaondoka.

Hapo nyumbani hakuna mafuta. Tabaka lenu halijafunikwa vya kutosha. Kama yalikuwepo, yalishatoka zamani kabla hata ya babu wa babu. Yule wa suti amesikia uvumi wako wa kwa kinyozi na anataka kumpokonya mama wa watu kiwanja kabla na yeye hajausikia. Uvumi ni wako, Baba. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako mwenyewe.

Na umwambie hili pia. Jiwe lako ni kavu kwa sababu kwako lipo juu. Maji yakiingia humo hayakai, yanateremka na mwinamo kuelekea kwake, yanapita chini ya udongo mzito na kujikusanya. Jiwe ni lilelile, ila kwako ni mgongo wa paa na kwake ndiko kwenye mtaro. Kisima ni uani kwake, karibu na ukuta. Siwezi kuapa mpaka pachimbwe, ila mimi ningechimba.

Yangu mabaya. Tumelifikia jiwe. Ni zuri kuliko nilivyowaahidi; ukidondoshea tone la maji juu ya kipande, linamezwa hapohapo. Nafasi zote zipo, na zote zimejaa maji. Tone la mafuta hakuna. Kwenye ripoti wameandika "kisima kikavu", na mimi nimeitwa makao makuu kujieleza. Sijui kama nitarudi na kazi.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Pole. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Naomba nieleweshwe: kisima kimejaa maji mpaka juu, na watu waliosoma wakakaa mezani wakaandika ni kikavu? Nilicheka peke yangu mpaka nikaona vibaya, kwa kuwa najua hukucheka. Ulisema kuna jiwe zuri na jiwe zuri lipo. Mpangaji hukumchagua wewe. Waambie hivyo hivyo.

Sasa ya huku. Nilivaa shati la sikukuu nikapita penye pengo la ukuta. Mama Tanuri alikuwa anatoa mikate, hakugeuka. Yule wa suti alikuwa amekaa kwenye kigoda na karatasi zake. Nikaeleza yote mbele yake: chupa, kinyozi, madumu, na kwamba mafuta hayapo na hayatakuwepo. Nikasema uvumi niliuanzisha mimi kwa kupenda sifa. Kisha nikaeleza habari ya paa na mtaro.

Yule wa suti alikunja karatasi taratibu. Alisema kumbe kuku wenyewe hawapendi eneo lenye mteremko, akaaga.

Mama Tanuri akafuta mikono. "Kwa hiyo maji yangu," akasema, "yanapitia kwako kwanza?"

"Yanapita tu," nikamwambia. "Kwangu hayakai."

"Hata mimi ningekuwa maji nisingekaa."

Nilistahili. Lakini alinikatia mkate wa moto, na tukakaa mpaka tanuri likapoa. Mtambo wa mchimbaji uliingilia penye pengo, hakuna njia nyingine ambayo ingeutosha. Walichimba, udongo mzito ukatoka, kisha mchanga wa njano, kisha mchanga wa njano uliolowa. Mama Tanuri alichota konzi ya mchanga huo akaikamua kama kitambaa cha jikoni. Nilitazama pembeni kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua, huenda ni ule moshi.

Tumegawana maji, kila nyumba bomba lake. Niandikie ya makao makuu.

Baba

2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu na zile mbili hujazijibu. Dereva wa mboga anasema ofisi ya posta iko wazi, basi sababu ni wewe. Unaumwa? Kama ni goti, mwambie mtu akuandikie. Hata kinyozi.

Narudia, pengine zile zilipotea: kazi ninayo, ingawa si ileile. Nilipoulizwa nijieleze, nilisema jiwe zuri lipo na mpangaji sikumchagua mimi. Mkubwa mmoja alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Maji yamepimwa, hayana chumvi ya kutisha, na wafugaji wa huku walishaanza kuuliza. Kampuni imewaachia watu wa idara ya maji kisima, na idara wameniomba nibaki nao. Nimekubali. Asubuhi naamshwa na ng'ombe.

Nijibu, tafadhali. Sikai kwa raha.
Binti yako

15 Juni

Kwako binti wa jirani,

Hujambo? Baba yako ni mzima kabisa, anakula mkate wangu asubuhi na jioni. Barua zako zote zimefika, ziko chini ya redio yake. Ninayekuandikia ni mimi mwoka mikate.

Tangu maji yapatikane, baba yako anakuja kila siku kukagua pampu. Pampu haina ugonjwa wowote. Wiki kadhaa nilimwacha aikague. Kisha siku moja akaiacha pampu, akasimama mbele yangu kama mtu anayengoja taa iwake kijani, akasema, "Mimi na wewe tumegombana vizuri sana. Sidhani kama yupo mwingine nitakayeweza kugombana naye hivi mpaka uzeeni."

Nilimwambia kwamba kama hiyo ni posa, jibu ninalo, ila silitoi mpaka mtoto wake ajue. Tangu hapo anakaa na kalamu. Anaandika salamu, anaandika goti, anafika hapo anachana karatasi. Nimechoka kuokota karatasi, ndiyo sababu nimeandika mwenyewe.

Marehemu mama yako nilimfahamu. Alikuwa akinunua mkate wa moto na kuumega njiani, anafika kwenu na nusu. Nafasi yake siitaki, ni yake. Mimi naomba ya pembeni, kama ipo. Ukisema haipo sitakununia, na maji baba yako ataendelea kuyapata.

Sijui nijiandikeje hapa chini.
Jirani, kwa sasa

29 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa juu ya kreti la mawe, na ng'ombe mmoja akinitazama nikicheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote hiyo nilidhani mkate unauzwa nusu.

Nafasi ipo. Toa jibu lako.

Nina likizo mwishoni mwa Julai. Mwambie Baba asichane hii.

Nawasalimu nyote wawili,
Binti yenu