Kibanja cha Kagoma na Ramani ya Bukoba

Jumatano, 1 Juni 1938
Nimepima tena ufuko kwa hatua, toka mdomo wa mto Kanoni hadi gati. Jana zilizidi, leo zimepungua. Ama miguu imefupika ama ziwa linanichezea. Mwalimu mkuu anataka kitabu kidogo cha jiografia ya Bukoba kwa darasa la nne: ziwa, kisiwa cha Musira, vilima, historia ya mji, na ramani. Kati ya walimu, kazi zote za jioni hupewa mimi kwa kuwa sina mke. Chumba changu cha kupanga hapa Nshambya kinanuka mafuta ya taa.

Ijumaa, 3 Juni
Nimeongea na mzee aliyebeba mawe ya boma la Wajerumani. Kichwani, anasema, na akanionyesha upara. Wenzake wote wamekufa. Akaniuliza kwetu wapi. Kagoma, nikasema, nina kibanja cha baba, migomba na nyumba ndani yake. Nilisema kwa majivuno, mimi ambaye sijakanyaga huko tangu tumzike, mwaka wa pili huu. Lakini nimeweka kibarua, Mnyarwanda. Anapalilia, na kila jioni anawasha moto mle nyumbani. Nyumba ya marehemu isiyo na moto ukoo huihesabu imekufa. Ya kwetu haijafa.

Jumatatu, 6 Juni
Barua ya baba mdogo, kaandikiwa na katekista. Kibarua aliondoka tangu Pasaka. Hakuna moto. Ukoo unakaa Jumapili, na nisiporudi kuishi, kibanja anapewa binamu yangu Felisiani. Ameandika kuishi, si kufika. Nimeisoma mara nne. Hasira kwanza. Miezi yote hiyo hakuna aliyeniambia! Halafu hofu. Sikula.

Alhamisi, 9 Juni
Nimepewa ruhusa hadi Jumatatu. Ramani iwe mezani Jumanne. Habari ya moto sikumweleza mwalimu mkuu. Ametoka mbali, angeona ni ushenzi. Ziwa nimelipaka buluu, vizuri mno. Sina wa kumwonyesha.

Jumamosi, 11 Juni
Lori hadi Muleba, kisha miguu. Magugu yamefika kiunoni. Ndizi zimeivia mgombani, zimeliwa na ndege. Nyasi zilizotandikwa sakafuni zimeoza. Nimewasha moto mwenyewe, kuni mbichi, moshi tele. Nimelia, na moshi si sababu pekee.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada, kikao. Nilijitetea kama mtoto: niliweka mtu, natuma sukari, natuma sabuni. Wazee walinisikiliza kwa heshima, afadhali wangenitukana. Nilidhani moto ni moto, yeyote awashe. Kumbe wao walikuwa wanamtazama anayeuota.

Baba mdogo aliniuliza taratibu, "Mwanangu, kesho kutwa utalala hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kuacha chaki, kushika jembe, basi. Nilitafuta neno hilo moyoni, halikuwapo. Ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Hapana, baba."

Felisiani akapewa. Hakushangilia, aliona haya kunitazama. Kabla jua halijashuka alikuwa anang'oa magugu kaburini kwa baba, polepole, kwa mkono. Nilimchukia kwa jinsi anavyofanya vizuri. Kisha nikainama nikamsaidia.

Jumatatu, 13 Juni
Njiani siku nzima. Vumbi. Mke wa baba mdogo alinifungia ndizi kwenye majani, kama anavyomfungia mgeni. Zamani alikuwa akiniambia nikajikatie mwenyewe.

Jumanne, 14 Juni
Ramani imekubaliwa. Mwalimu mkuu amesifu ziwa. Ameagiza chini ya jalada niandike jina langu na kwetu, ndivyo vitabu vinavyofanya. Jina nimeandika. Kwetu niliandika Kagoma, nikafuta. Nikajaribu Nshambya, kalamu ikakataa. Nimepaacha wazi. Kesho darasa la nne wanaanza na mito.